Mjini Berlin nikakumbuka Murongo

Juma lililopita niliahidi kueleza niliyoyaona Berlin. Waandishi tulipewa siku moja ya kutembezwa mjini. Mwongozaji wetu, mama wa makamo, alituonyesha Lango la Brandenburg, kisha mabaki ya ule ukuta uliosimama tangu 1961 hadi 1989. Alipofika kwenye habari za ndugu waliotenganishwa miaka 28, sauti ilimkwama. Nilimwelewa. Mama yangu mkubwa aliolewa Kikagati, Uganda. Ukiwa kwetu Murongo, wilayani Kyerwa, unasikia majogoo yao yakiwika ng'ambo ya Mto Kagera.

Nikamwuliza: ile nyumba ya Bismarck, walimokutana wakubwa wa Ulaya juu ya Afrika, iko wapi? Haikuwa kwenye ratiba, lakini akatupeleka kwa miguu hadi Wilhelmstraße. Nyumba haipo tena. Iliharibiwa katika Vita Kuu ya Pili. Pana maghorofa ya watu, na kibao cha maelezo kando ya njia. Pale, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, yalikaa mataifa 14, na mezani hapakuwa na Mwafrika hata mmoja.

Lakini tusiwasingizie. Wengi tunaamini mipaka yote ilichorwa pale. Mkutano ule ulihusu zaidi biashara ya Kongo na kanuni za kunyakua pwani. Mpaka wetu ulitokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani, uliotiwa saini mjini humo humo tarehe 1 Julai 1890. Magharibi mwa Ziwa Viktoria walifuata digrii moja kusini mwa Ikweta: mstari mnyoofu, haujui mto wala mgomba. Kwetu Kyerwa, Kagera ndio uliokuja kuwa mpaka. Kule Missenyi mstari ulibaki, mto ukawa ndani ya Tanzania. Kipande hicho kati ya mstari na mto ndicho alichokivamia Idi Amin mwaka 1978, akidai mpaka ni mto. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likavunjwa.

Mwongozaji alinisikiliza hadi mwisho. Akakiri kwamba hupita mtaa ule kila juma, na kibao kile hajapata kukisoma. Akasimama, akakisoma chote.

Mama mkubwa alivuka kuja kuwazika wadogo zake wawili. Zamu yake ilipofika, sisi ndio tuliovuka, baada ya kupanga foleni ya vibali tangu alfajiri.