Dripu iliyodhaniwa kuokoa maisha

Katika mtaa wa Dengfeng mjini Guangzhou, kusini mwa China, wanakoishi wafanyabiashara kutoka Afrika, mgonjwa mahututi yu karibu na hospitali kubwa zenye mashine za kupumulia. Watoto wengi wa Afrika Mashariki hawana bahati hiyo. Je, tiba iliyozoeleka katika hospitali za namna hiyo yafaa pia pale zisipokuwepo mashine?

Swali hilo linahusu sepsisi, hali ambapo mwili unaopambana na maambukizi hudhuru viungo vyake wenyewe. Mzunguko wa damu ukidhoofika, mgonjwa hupatwa na mshtuko: mikono na miguu hupoa, moyo hwenda mbio, fahamu hupungua. Kwa miaka mingi madaktari waliagizwa kumtia dripu nyingi kwa haraka.

Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland walianza utafiti wa FEAST katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi, Mbale, Soroti na Muheza. Walishirikishwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko, wengi wao wakiugua malaria. Wote walipata matibabu ya kawaida. Baadhi waliongezewa haraka maji ya chumvi au albumini, wengine hawakuongezewa.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Januari 2011 uandikishaji ulisitishwa kabla ya wakati. Katika saa 48 za mwanzo, kati ya kila watoto 100 waliotiwa dripu ya haraka walifariki zaidi ya 10. Miongoni mwa wasiotiwa, walifariki 7.

Wapo wataalamu waliopinga, lakini mwaka 2017 utafiti wa watu wazima mjini Lusaka, Zambia, ulielekea huko huko: waliotibiwa kwa utaratibu wa dripu nyingi walifariki asilimia 48, wengine asilimia 33.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mpya unaotaka tahadhari zaidi katika kuwatia dripu watoto wa aina hii. Watoto waliopungukiwa maji kwa kuharisha hawakuhusishwa na FEAST; kwao maji yangali tiba. Kwa mwenye sepsisi, antibiotiki za mapema, oksijeni, damu kwa anayeihitaji na uangalizi wa karibu ndiyo nguzo za matibabu.