Tarehe ya Mashine za Milwaukee na Ukoo wa Herbert Tautz

Hii ndiyo tarehe ya mashine za useremala zilizotoka Milwaukee, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Michigan huko Marekani, na ya watu wanaozitafuta leo katika magereji, maghala na minada ili kuzifufua. Imeandikwa kwa sababu ya mabishano ambayo hayajatulia: ni nani baba wa mashine ya seremala wa nyumbani, yule asiyekuwa na kiwanda wala wafanyakazi bali chumba kimoja, umeme wa kawaida na mikono yake? Wapo wanaomtaja Raymond DeWalt. Wapo wanaomtaja Hans Goldschmidt. Wengine huurudisha ukoo nyuma sana, hadi viwanda vikubwa vya Leicester na Grand Rapids, wakishikilia kwamba mashine kubwa ndiyo mashine. Hoja ya tarehe hii ni kwamba ubaba ni wa Herbert Tautz, mwanzilishi wa kampuni ya Delta, na kwamba ushahidi wake hauko katika hati za hataza. Uko katika mashine zenyewe zilizobaki: zinafunguka kwa spana ya kawaida, zinapokea kipuri kilichonunuliwa leo, na zinarudi kazini.

Kabla yake walikuwapo wakubwa, nao watajwe. Samuel Bentham alipata hataza yake kubwa ya mashine za mbao mwaka 1793. Huko Portsmouth, katika bandari ya jeshi la majini la Uingereza, Marc Brunel alibuni mashine za kutengeneza makapi ya merikebu, na Henry Maudslay akazitengeneza kwa chuma. Kufikia 1808 zilikuwa zikitoa makapi 130,000 kwa mwaka, na watu 10 wasio mafundi walifanya kazi iliyohitaji mafundi 110. Mwaka huohuo wa 1808 William Newberry alipata hataza ya msumeno wa mkanda, ingawa ilibidi kusubiri miaka mingi hadi Wafaransa walipoweza kuunganisha utepe wa chuma usiokatika. Yote hayo ni makuu. Lakini mashine za Portsmouth zilikuwa mali ya mfalme na jeshi lake. Hakuna seremala aliyeondoka na moja nyumbani kwake.

Hapa lazima isimuliwe habari ya Woodworth, maana asiyeijua hawezi kuelewa uzito wa alichokifanya Tautz. William Woodworth wa jimbo la New York alipata hataza ya mashine ya kupiga randa tarehe 27 Desemba 1828. Kwa sheria ya wakati ule hataza ilidumu miaka 14, kwa hiyo ilipaswa kufa mwaka 1842. Haikufa. Iliongezwa miaka 7, kisha mwaka 1845 Bunge la Marekani likaiongeza 7 mingine, hata ikafika 1856. Kwa miaka 28 waliomiliki haki hiyo waligawana nchi vipande vipande, wakauza ruhusa eneo kwa eneo, na kumburuta mahakamani kila aliyethubutu kupiga randa kwa mashine ya namna hiyo bila kuwalipa. Wananchi waliandika maombi kwa wingi wakilalamika kwamba bei ya mbao za sakafu za nyumba zao inapangwa na watu wasiojua hata kushika patasi. Dhuluma ile ilikuwa halali kisheria, na kwa sababu hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tangu hapo kwa muda mrefu mashine ya mbao ilihesabiwa kuwa kitu cha mwenye mtaji, na seremala akawa mtu wa kuajiriwa kuisukumia ubao.

Nyumba kubwa zilizofuata hazikuibadilisha hali hiyo. Thomas Robinson and Son wa Rochdale, Fay and Egan wa Cincinnati, Oliver na Tannewitz wa Grand Rapids, Wadkin wa Leicester: wote walisubu chuma kizuri, na kazi yao inastahili heshima. Mashine zao zilikaa katika majengo yenye shafti ndefu darini, iliyozungushwa na injini ya mvuke na kushusha mikanda ya ngozi kwa kila mashine, na baadaye zikafungwa mota za umeme wa fezi tatu. Leo anayeipata mojawapo humbidi apate winchi, sakafu ya zege, na kifaa cha kugeuza umeme wa nyumbani uwe wa fezi tatu. Zile kongwe zaidi zina beringi za kumiminwa, yaani metali nyeupe ya Isaac Babbitt inayoyeyushwa na kumwagwa kuzunguka ekseli. Ni ufundi mzuri sana, lakini wanaouweza ni wachache.

Basi mwaka 1919, katika gereji yake pale Milwaukee, Herbert Tautz alianzisha Delta Specialty Company. Hakuanza na mashine ya tani moja. Alianza na vitu vidogo, na umaarufu wa mwanzo ukaja kwa msumeno mdogo wa nakshi. Kisha ukoo ukapanuka: kerezo, mashine ya kutobolea, mashine ya kunyoosha ubao, msumeno wa meza, na katika miaka ya 1930 ule msumeno wa mkanda wa inchi 14 ambao habari zake zinakuja. Wazee wa kazi hii wanamsifu kwa chuma chake, na sifa hiyo ni ya haki, lakini busara yake kubwa ilikuwa katika namna ya kuuza. Mashine iliuzwa peke yake, stendi peke yake, mota peke yake, mkanda na puli peke yake, na kila kifaa cha kuongeza kikawa na namba yake katika katalogi. Fundi mwenye fedha kidogo alinunua kichwa cha msumeno mwaka huu, akakifunga juu ya benchi alilolichonga mwenyewe, akatumia mota iliyotoka kwenye mashine ya kufulia, na mwaka uliofuata akaongeza kishikizi cha kukatia ndimi. Kampuni ikamfuata nyumbani kwa jarida lake, The Deltagram, lililojaa michoro ya viti, makabati na vitu vya kuchezea watoto, pamoja na vitabu vilivyomfundisha kutumia kila mashine. Mengi ya hayo yalifanyika katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, wakati viwanda vikubwa vikifunga milango.

Mwaka 1939 ndipo ikatoka Unisaw, msumeno wa meza wa Delta, na hapa tarehe haina budi kusimama kidogo. Misumeno mingi ya mezani ya wakati ule ilitaka meza yenyewe ilazwe ili kukata mshazari, na fundi akawa anapambana na ubao unaoteleza kwenye mteremko. Katika Unisaw meza ya chuma cha kusubu ilibaki palepale, sawasawa kama maji yaliyotulia, na ekseli pamoja na msumeno wa inchi 10 ndivyo vilivyolala kwa kuzungusha gurudumu. Mota iliwekwa ndani ya kabati, chini ya meza, ikiendesha ekseli kwa mikanda. Mota za mwanzo ziliweza kuanza kwa nguvu bila kufyonza umeme mwingi kwa mara moja, jambo lililowafaa watu wa mashambani ambako waya ulikuwa mwembamba na umeme dhaifu. Juu ya tundu la kabati kulikuwa na kifuniko cha chuma kilichotokeza nje kwa mviringo, ambacho wakusanyaji hukitafuta leo kwa pupa. Umbo lile la kabati, meza na gurudumu limeigwa tangu hapo na watengenezaji wengi.

Sasa uje ushahidi wa wafufuaji wenyewe. Mashine iliyokaa miongo katika banda linalovuja hufika ikiwa na kutu, panya na grisi iliyoganda. Hatua ya kwanza ni kuifungua hadi nati ya mwisho, na mashine za Tautz hufunguka: boliti zake ni za vipimo vya kawaida, na beringi zake ni za namba za kimataifa. Beringi ya namba 6203, kwa mfano, ina tundu la milimita 17, kipenyo cha milimita 40 na unene wa milimita 12 ikinunuliwa Milwaukee au dukani Gerezani, Dar es Salaam. Kwa kutu ipo dawa ambayo ni ajabu kwa anayeiona mara ya kwanza. Chukua pipa la plastiki, ulijaze maji, uyeyushe magadi, madini yaleyale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Kipande chenye kutu kifungwe kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya gari, na kipande cha chuma kisicho na thamani kwenye waya chanya, na vipande hivyo viwili visigusane. Povu litapanda, kutu italegea usiku kucha, na asubuhi chuma kitatoka cheusi kikisubiri brashi, bila kuliwa hata kidogo. Kazi hiyo ifanyike nje, kwa kuwa hewa inayotoka hushika moto, na chuma kisichoshika kutu kisitumike upande wa chanya kwa sababu huacha sumu ya kromiamu ndani ya maji. Rangi za zamani nazo zisipigwe msasa mkavu, maana nyingi zina risasi.

Ushahidi wa pili ni msumeno wa mkanda wa inchi 14. Utepe wake una urefu wa inchi 93 na nusu. Ukiongezewa kipande cha chuma kati ya nguzo ya chini na mkono wa juu, kimo cha kupasua kinatoka inchi 6 hadi 12, na utepe unakuwa wa inchi 105. Vipimo hivyo viwili bado vinauzwa kila mahali, kwa sababu viwanda vya Taiwan viliiga umbo lile karibu kitu kwa kitu. Kwa hiyo mtu aliyerithi msumeno wa kabla ya Vita Vikuu vya Pili anaweza kuuvika utepe, mpira wa gurudumu na kipande cha nyongeza vilivyotengenezwa mwaka huu. Hakuna baba mwingine katika mabishano haya aliyeacha wajukuu wanaoweza kumpa babu yao damu.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zijibiwe. Watasema Tautz alitumia zinki ya kusubu katika puli, mikono na vishikilio vya chini ya meza, na kwamba zinki ile huvunjika. Ni kweli, na tarehe hii haifichi: zinki iliyochanganyika na risasi kidogo huoza kwa ndani, hupasuka, na kishikilio cha meza ya msumeno wa mkanda ndicho kinacholalamikiwa zaidi. Lakini hizo ni sehemu ndogo, na kwa kuwa kila sehemu ilikuwa na namba na umbo lake, mbadala wa chuma umetengenezwa. Watasema pia kwamba mashine hizi zimebaki nyingi kwa sababu tu ziliuzwa nyingi. Kama wingi ungetosha, misumeno ya bati na alumini iliyouzwa kwa wingi baada ya vita ingekuwa imejaa katika karakana za wafufuaji, nayo haimo. Watasema hazina kinga ya mikono inayotolewa na mashine za sasa. Hapa wana haki, na anayefufua Unisaw bila kuweka kisu cha nyuma ya msumeno na kifuniko cha juu anafanya kosa.

Kuhusu wengine wanaotajwa kuwa baba: DeWalt alibuni msumeno wa mkono wa juu mwaka 1922, na jina lake likauzwa kwa wengine. Goldschmidt alitoa Shopsmith mwaka 1947, mashine tano katika moja.

Delta yenyewe haikubaki mikononi mwa ukoo. Kampuni ya Rockwell iliinunua mwaka 1945. Ikapita kwa Pentair mwaka 1984, kwa Black and Decker mwaka 2004, na mwaka 2011 ikanunuliwa na Chang Type ya Taiwan. Katika mikono yote hiyo vipuri vya zamani vilizidi kuadimika, na kazi ya kuutunza ukoo ikawaangukia wakusanyaji. Ndiyo sababu ugomvi mmoja kati yao ni mzito kuliko mwingine wowote: uchinjaji. Kwa kuwa Tautz aliuza kila kifaa peke yake, kifuniko cha mota, kishikizi cha kukatia ndimi au reli ya kuongozea ubao huweza leo kumpatia mchuuzi fedha nyingi kuliko mashine nzima, na mchuuzi huikata mashine nzima vipande ili auze kimoja kimoja. Mashine iliyopasuka mwili ichinjwe, hilo halina ubaya, na viungo vyake viwaponye wenzake. Lakini anayechinja mashine nzima anaharibu kilichoishi miaka 80, na wakusanyaji wenye heshima wasimnunulie.

Na yeyote mwenye karakana, shule ya ufundi au banda la urithi lenye mashine ya chuma cha kusubu iliyosimama, iwe ya Milwaukee, ya Leicester au ya kwingineko, anaombwa asiiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Akifute kibati chake, asome jina na namba, apime ekseli na beringi, akusanye vifaa vyake vyote vilivyotawanyika kwenye rafu na sanduku la misumari, kisha ndipo aamue.