Ahadi Isiyo na Akiba

Mwalimu afundishaye leo katika shule ya serikali, hapa Olasiti au mahali po pote Arusha, hukatwa shilingi 5 katika kila 100 za mshahara wake kwa ajili ya uzee wake, na mwajiri huongeza 15. Zamani haikuwa hivyo, na habari hii yafaa ijulikane na kila alipaye kodi.

Tangu siku za Waingereza palikuwa na njia mbili. Watumishi wa serikali za mitaa waliwekewa akiba kwa sheria ya mwaka 1944. Lakini watumishi wa kudumu wa serikali kuu hawakukatwa kitu. Waliahidiwa tu ya kuwa siku watakapostaafu, Hazina itawalipa kwa kodi za wakati ule. Ahadi hiyo ilikuwa nyepesi wastaafu walipokuwa wachache. Wale wengi walioajiriwa baada ya Uhuru wa mwaka 1961 walipozeeka, ikawa nzito.

Julai 1999 ulianza mfuko wa PSPF, uliopokea michango. Fikiri, basi, mtu aliyestaafu Julai 2005 baada ya kazi ya miaka 30. Alikuwa amechangia miaka 6 tu, naye mfuko ulimlipa kwa yote 30. Ile 24 ilikuwa deni la serikali, na serikali ilikawia kulirudisha. Hivyo michango ya vijana iliwalipa wazee, na ghala ya vijana ikapungua.

Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa PSSSF. Hivyo akiba ya watumishi wa halmashauri iliingia ghala moja na deni lile. Mwaka ule ule ikaamriwa ya kuwa mstaafu apewe kwa mkupuo 25 kwa mia, hali wengi walizoea 50. Watumishi walilalamika, hata mwezi wa Desemba Rais Magufuli akaizuia amri hiyo. Mwaka 2022 ikawekwa 33, na mwaka 2024 wale wa 50 ya zamani wakapandishiwa hata 40.

Katika Desemba 2021 serikali iliupa mfuko hatifungani za shilingi trilioni 2.17 kwa ajili ya deni la kabla ya 1999. Hati si fedha taslimu. Hulipwa kwa kodi za miaka ijayo, yaani na watoto walio darasani leo. Dawa ya deni ni kulipa, na asipolipa baba, hulipa mwana. Kwa hiyo kila mara tusikiapo ahadi njema kwa wazee wa kesho, tuulize kwanza: akiba yake imewekwa wapi?