Ngazi za Mabasi ya London

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji ambaye hukuwahi kufungua redio siku ile, juma lililopita lilinitia aibu. Lifti ya jengo letu iliharibika, na studio ninayotumia iko ghorofa ya nne. Nikapanda ngazi, nikaketi mbele ya maikrofoni zikiwa zimebaki sekunde chache, nikaanza kusoma huku nikihema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Kipindi hakijaisha, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja, mtu mzima. Nilipokwisha kumwamkia shikamoo naye akaitika, akaniuliza: "Mwanangu, unaumwa?"

Sikuwa naumwa. Nina miaka 45, na nilipokuwa sekondari nilicheza winga ya kulia, na mabeki walinijua. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeishi nikiamini kwamba mbio zile zimo mwilini mwangu, kama fedha iliyowekwa benki. Swali la mama yule lilinirudisha kwenye historia moja inayohusu hasa ngazi, na ambayo inaanzia ndani ya mabasi ya London.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, madaktari wa Uingereza walijikuta na adui mwingine. Wanaume wa makamo walikuwa wakianguka kwa mshtuko wa moyo, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni kwa nini. Wakati huo aliyenusurika na mshtuko alilazwa kitandani majuma mengi, akikatazwa hata kujinyanyua. Kwamba kujishughulisha kungeweza kuulinda moyo ni jambo ambalo wachache walilifikiria.

Miongoni mwa wachache hao alikuwa Jerry Morris, daktari aliyezaliwa Liverpool mwaka 1910 na kukulia Glasgow, mtoto wa wahamiaji Wayahudi. Yeye na wenzake walidhani kwamba yumkini jibu limo katika kazi anayofanya mtu. Lakini utapimaje jambo kama hilo? Tajiri na maskini hawali chakula kimoja, wala hawalali nyumba za aina moja. Alihitaji watu wanaofanana karibu kwa kila kitu, isipokuwa namna wanavyoutumia mwili.

Akawapata kwenye mabasi ya ghorofa. Dereva na kondakta waliajiriwa na shirika moja, wakatoka tabaka moja, wakafanya kazi katika gari moja. Ila dereva aliketi kwa asilimia 90 ya zamu yake, wakati kondakta alipanda na kushuka ngazi ya basi akikata tiketi, vipandio 500 hadi 750 kwa siku. (Msomaji wa Dar es Salaam asimfikirie konda wetu wa daladala aning'iniaye mlangoni. Huyo ana mashaka yake mengine, na ngazi hana.)

Hesabu iliwahusu wanaume 31,000 hivi, wa umri wa miaka 35 hadi 64, na ikachapishwa mwaka 1953 katika jarida la Lancet. Katika kila madereva 1,000, watu 2.7 walipatwa na ugonjwa wa moyo kila mwaka. Kwa makondakta, 1.9. Najua, takwimu zina tabia ya kukata watu vipande. Lakini zaidi ya hayo, makondakta waliougua waliugua wakiwa wamesogea umri, na waliokufa ghafla miongoni mwao walikuwa wachache zaidi. Morris hakuishia hapo. Aliwatazama watu wa posta, akakuta kwamba waliozunguka mitaani wakigawa barua waliugua kidogo kuliko makarani na wapokea simu waliokaa vitini.

Wapo waliopinga, nao hawakuwa wapumbavu. Walisema labda wanene ndio wanaochagua kuendesha. Morris akaenda kwenye daftari za sare, akasoma vipimo vya viuno vya suruali, na mwaka 1956 akaandika bila kuficha kwamba madereva walikuwa na viuno vipana tangu wakiwa vijana. Nampenda mtu huyu kwa hilo. Alikwenda kutafuta ushahidi, akarudi na kipande kilichoidhoofisha hoja yake mwenyewe, akakichapa.

Ikabidi atafute njia nyingine. Kuanzia mwaka 1968 yeye na wenzake waliwaendea watumishi wa serikali, watu wa mafaili, ambao wote huketi. Jumatatu asubuhi waliombwa waandike walichofanya Ijumaa na Jumamosi. Waliofuatiliwa walikuwa karibu 18,000. Ikaonekana kwamba waliotumia muda wao wa mapumziko kwa mazoezi ya nguvu waliugua moyo kwa kiwango kisichofika nusu ya wenzao.

Sasa nafika mahali panaponihusu mimi winga wa kulia. Mwaka 1976 kikundi kingine cha watumishi 9,376 kilianza kufuatiliwa, na matokeo yakatoka mwaka 1990. Waliokuwa wakishiriki michezo ya nguvu wakati ule walikuwa na kinga. Waliocheza ujanani wakaacha, hawakuwa nayo. Marekani nako, Ralph Paffenbarger alikuwa amewachunguza wanaume 16,936 waliosoma Harvard, na mwaka 1978 akaeleza kwamba aliyekuwa mchezaji wa chuo alinufaika tu ikiwa aliendelea kujishughulisha. Benki yangu, kumbe, ilifungwa zamani na mimi naendelea kutembea na kitabu chake.

Na tazama jambo jingine. Makondakta wale hawakuwa na ari ya pekee. Hakuna aliyeamka alfajiri akaapa kufanya mazoezi. Ngazi ilikuwa ndani ya kazi, na kazi ilikuwa kila siku. Sisi huapa kila mwezi wa Januari, tukanunua raba, na kufika Machi raba anazivaa mdogo wetu. Uchunguzi wa watu 96 uliofanywa London na kutolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba jambo jipya la kila siku lilichukua kwa kawaida siku 66 hadi likafanyika bila kusukumwa, wengine siku 18, wengine hata 254. Ila kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Basi za zamani zenye kondakta ziliondolewa katika huduma za kawaida London Desemba 2005, na ngazi ile ikapotea kazini. Morris mwenyewe alisimulia kwamba alipoanza kukimbia Hampstead Heath miaka ya 1960, watu walimwona kichaa. Mwaka 1996 yeye na Paffenbarger walipewa tuzo ya sayansi ya michezo ya Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa. Alifariki Oktoba 2009, akiwa na miaka 99.

Lifti yetu ilitengenezwa Jumanne. Jumatano nilipanda ngazi, nikapumzika ghorofa ya pili. Alhamisi nilichelewa, nikapanda lifti. Leo, kabla ya kuyasoma haya, nilipanda tena kwa miguu, na mama yule hajapiga simu.