Njia Panda ya Chalinze

Chalinze ni njia panda: huku Morogoro, huku Segera. Jioni moja hapo, mimi na dogo mmoja wa mtaani tuliipakia Linux kwenye kompyuta kuukuu, tukafuatia na Django, kiunzi cha kujengea tovuti. Pip ikagoma. Kumbe lazima kwanza uitengee mazingira yake: python3 -m venv. Ikakubali.

"Kaka, haya mambo si ya juzi tu?" akaniuliza.

Wapi! Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965. Hesabu zikavurugika, mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Linus Torvalds alipotoa Linux kule Helsinki, mwaka 1991, sisi tulikuwa tumeshachelewa. Lakini hatukulala: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya Kiswahili. Django yenyewe ilifuata 2005.

Dogo akatazama lile kosa la pip, Kiingereza kitupu. "Hii nani ataitafsiri?"

Sisi tunaojiita waandishi, tumjibuje?