Bia, Mihogo na Dansi: Mgeni Aelekezwe Wapi Dar?

Wageni wanaoshuka Dar es Salaam wana maswali matatu yasiyozeeka: bia baridi iko wapi, chakula kizuri kiko wapi, na muziki unapigwa wapi. Mimi ni mwenyeji, basi huulizwa. Na kila nikiulizwa hutamani kuanza na swali la nne, ambalo mgeni hakuliuliza: nani aliruhusiwa kustarehe katika mji huu, na tangu lini?

Ndugu msikilizaji, nenda kasimame Mnazi Mmoja. Uwanja ule haukuachwa wazi ili watu wapunge upepo. Waingereza waliuchukua mji kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916, wakaupanga katika kanda tatu: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, na Kariakoo na majirani zake kwa Waafrika. Mnazi Mmoja ukawa mpaka. Hata hilo jina la Kariakoo ni Carrier Corps iliyotamkwa na wenyewe, yaani kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Vinywaji navyo viligawanywa hivyo hivyo. Sheria za mkoloni zilimfungia Mwafrika pombe ya kizungu, hasa ile kali, na vikwazo hivyo vilikuja kulegezwa polepole baada ya Vita Kuu ya Pili. Pombe ya kienyeji iliruhusiwa, lakini kwa leseni, kwa ushuru, na mahali palipopangwa. Bwana mkubwa alikunywa barazani kwake akitazama bahari; kuli aliyempakulia mizigo bandarini ilimbidi atazame saa na askari.

Waliouweka hai mji huo wa pili walikuwa akina mama. Ndio waliopika pombe, waliokaanga vitumbua na samaki, na walioongoza vikundi vya ngoma. Watu wengi hudhani siasa ya uhuru ilianzia kwenye ofisi na mashine za taipu. Sehemu ilianzia huko, sikatai. Lakini Bibi Titi Mohamed, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU mwaka 1955, hakwenda ofisini. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, akawafuata wenzake wa lelemama na wapika pombe. Hao walikuwa na fedha yao wenyewe mkononi, walijuana mtaa kwa mtaa, na hawakuwa na mwajiri wa kumwogopa. Karani wa serikali alikatazwa kujiunga na chama. Mpika pombe angekatazwa na nani? Leo barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja inaitwa Bibi Titi Mohamed. Jina hilo limekaa palepale kwenye mpaka wa zamani, nami naona limekaa mahali pake.

Bia ya chupa ina hadithi fupi zaidi. Kiwanda cha Dar kiliunganishwa na kile cha Kenya katika miaka ya thelathini, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 kikaingia mikononi mwa umma. Safari Lager ilitoka mwaka 1977. Halafu ikaja miaka ya themanini, bidhaa zikaadimika, na bia nayo ikajificha. Wenye umri wangu wanakumbuka: hukuuziwa bia bila kuja na chupa tupu, na ukiipata ilikuwa ya moto, na hukuthubutu kulalamika. Mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya kiwanda kwa kampuni ya Afrika Kusini, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi uliomtoa kaburu madarakani. Wazalendo walinung'unika. Walinung'unika huku wanakunywa, maana bia ilirudi mezani, tena baridi.

Lakini bia peke yake si starehe. Kilichoufanya mji huu usikike hadi ng'ambo ya mipaka ni dansi, na hapa mgeni hushangaa nikimwambia kwamba wanamuziki wetu walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, na wapigaji walilipwa mshahara wa mwezi kama makarani. Bendi hiyo ilibadili jina kila chama kilipobadili jina, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, lakini wapenzi wake wakaendelea kuiita Msondo. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo alihama akaenda kuanzisha Mlimani Park, ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Hiyo ndiyo Sikinde. Tangu hapo mji ukawa na mgawanyiko mwingine, wa Msondo na Sikinde, na tofauti na ule wa mkoloni, huu kila mtu aliuchagua mwenyewe. Ukumbi wa DDC Kariakoo ulikuwa wa umma. Fundi cherehani na mkurugenzi walisukumana mlango mmoja.

Chakula? Mihogo ya Coco Beach jioni, yenye pilipili na ndimu. Pweza na samaki wa kukaanga kule Feri, ule umesimama. Mishikaki ya Uhindini, ambayo siku hizi haina tena kabila. Mchana tafuta mama ntilie mwenye foleni ya wabeba mizigo, maana mbeba mizigo hadanganyiki kwa wali. Wanawake hawa ndio warithi wa wale wapika pombe na wauza vitumbua, na wao pia wamefukuzwa barabarani mara nyingi kwa jina la usafi wa jiji. Kila mara wamerudi, kwa sababu wale wanaowafukuza nao wana njaa saa saba mchana.

Kuna jambo moja ambalo sipendi kulipita. Aprili 1993 mabucha ya nyama ya nguruwe yalivamiwa hapa Dar, watu wakakamatwa, na kwa muda jirani alimtazama jirani kwa jicho la pembeni. Kitimoto haikwisha. Mwenye kula anakula, asiyekula anapita, na mara nyingi ni watu wa nyumba moja. Mgeni asidhani utulivu huo ni tabia ya hewa ya pwani. Watu waliutafuta, na waliuokoa walipokaribia kuupoteza.

Kama una usiku mmoja tu, panda daladala hadi Sinza ushuke kituo kinachoitwa Kwa Remmy. Ni Remmy Ongala huyo, mzaliwa wa Kongo aliyekuja Dar mwaka 1978, akawa sauti ya Super Matimila, akafariki Desemba 2010. Aliimba wimbo wa kuwahimiza watu wavae kondomu, "Mambo kwa Soksi", na redio ikakataa kuupiga. Kumbini ulipigwa. Kituo kilipata jina lake kwa midomo ya makondakta na abiria, bila kikao cha baraza la jiji. Ukishuka hapo, muulize yeyote nyama choma iko wapi.