Kaskazi na kiangazi kirefu kisiwani Pemba

Kiangazi cha Pemba huanza vuli inapokatika, mwishoni mwa Desemba, na hwisha masika yanaposhika, kwa kawaida katikati ya Machi au baada yake. Upepo wa wakati huo ni kaskazi, na watu wa kisiwani huuita msimu wenyewe kwa jina la upepo. Mchana joto hupita nyuzi 30 za selsiasi siku baada ya siku, na usiku halishuki sana chini ya 24. Mtu aliyewahi kukaa Muscat mwezi wa Juni, joto linapovuka nyuzi 40, atazicheka namba hizo. Lakini bahari inayozuia joto la Pemba lisipande mno ndiyo hiyo hiyo inayojaza hewa unyevu, hata jasho likakataa kukauka na kulala ndani kukawa kazi.

Kisiwa kiko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Mkanda wa mvua hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Ikifika Januari, mkanda huo umekwisha kwenda kusini, na ni watu wa Mtwara na Msumbiji wanaopata mvua. Pemba hubakiwa na pepo zinazotoka Bara Arabu na Pembe ya Afrika. Ndizo zilizokuwa zikileta majahazi kutoka Ghuba, na ingawa hupita juu ya bahari, huja bila mvua, ila manyunyu ya hapa na pale.

Joto hilo peke yake si janga. Lipo kila mwaka, na Wapemba wamelizoea. Janga huja pale vuli iliyotangulia ilipokosa au ilipokuwa hafifu, maana hapo kisiwa huingia kaskazi kikiwa kikavu tayari, na kiangazi cha miezi mitatu hugeuka kuwa cha minane au tisa, tangu masika ya mwaka uliopita. Kwa hiyo sababu ya kiangazi kirefu haitafutwi Februari. Itafutwe Oktoba na Novemba, tena mbali, katika Bahari ya Hindi. Maji ya upande wa Afrika Mashariki yakipoa kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yakapata joto, mawingu huhamia huko. Ndivyo ilivyokuwa 2010, 2016 na 2022, na ukame ukaenea Afrika Mashariki. Mambo yakigeuka, kama 1997 na 2019, vuli humwagika kupita kiasi.

Mwaka wa kawaida Pemba ina mvua nyingi kuliko Unguja, takriban milimita 1,900. Wastani huo huwadanganya wengi. Magharibi, kuanzia Mkoani kupitia Chake Chake hadi Wete, ni nchi ya vilima na mabonde, yenye udongo mzito unaoweka maji. Mpunga hulimwa mabondeni na mikarafuu husimama vilimani. Mashariki na kaskazini, hasa wilaya ya Micheweni, ni uwanda wa mawe ya matumbawe wenye udongo kiduchu juu yake. Mvua ikinyesha huko hupenya mwambani mara moja. Chini, maji matamu hukaa kama utando mwembamba juu ya maji ya bahari, na mvua zikikosekana huku watu wakizidi kuteka, utando hupungua na kisima huanza kutoa maji ya chumvi. Jua ni moja kwa kisiwa kizima, ila Micheweni hukauka mapema kuliko Mkoani. Ndiyo maana muhogo, unaovumilia kiu, una heshima yake uwandani.

Mkarafuu mkubwa hustahimili, na mvunaji hulihitaji jua: karafuu huanikwa juu ya majamvi siku kadhaa mpaka ziive rangi ya kahawia, na mvua ikizinyeshea huharibika. Mche mchanga ni habari nyingine. Usipofunikwa makuti na kumwagiwa maji katika miaka yake ya mwanzo, kiangazi kimoja kirefu chatosha kuumaliza, na hasara yake haionekani leo. Huonekana miaka mingi baadaye, mti ulipopaswa kuzaa.

Baharini, wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, huumia kwa njia yao. Wakati wa bamvua maji hukupwa asubuhi hadi kukaribia adhuhuri, na yale machache yanayobaki juu ya mashamba huchemka juani. Mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri zaidi, hupauka na kukatika. Aina ya spinosamu huvumilia zaidi kidogo, ila bei yake ni duni. Matumbawe nayo yalipauka vibaya katika joto la bahari la 1998, kisiwa cha Misali kikiwemo. Hata hivyo mkondo wa Pemba, ulio kati ya kisiwa na bara na wenye kina kinachozidi mita 700, una maji baridi chini, na yakipanda juu huyapa matumbawe ya magharibi nafuu isiyopatikana sehemu nyingi za pwani.

Wazee walihesabu misimu kwa miongo ya siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, mwezi wa Julai, na mkulima alijua mwongo wa kupanda. Hesabu hiyo ingali nzuri kwa kujua kaskazi itaanza lini, ila haiwezi kusema vuli itakuwaje. Vuli inapokosa kabisa, watu hutoka kwenda viwanjani kwa swala ya kuomba mvua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza. Mwenye miche ya mikarafuu au kisima cha uwandani na ausikilize huo, maana Februari kipimajoto humwambia tu anachokihisi tayari mwilini.